Mapigo ya mita: kila mashini ilipe umeme wake



Kuko kooperative ambako mashini ya kusaga mahindi na ile ya kumenya kahawa zinatumia mita moja. Faktire inafika moja, na njo mwanzo wa maneno: wenye kahawa wanasema mulini inawamaliza, wenye mahindi wanakataa. Mita, ile tunaita kompteri, inaweza kukata maneno hayo tukijua kusoma mapigo yake.

Pigo ni nini?

Muangalie mita ya kisasa: kuko taa ndogo inayowaka na kuzimika. Kila ikiwaka, kipimo fulani cha umeme kimepita. Kipimo hicho kimeandikwa juu ya mita, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake, taa ikipiga mara 1000 tumetumia kilowati-saa 1. Mita zingine ziko na 800, 1600 ao 3200. Musome ya kwenu, musikisie.

Kupima mashini

Muzime vyote, muache mashini moja tu ikifanya kazi. Taa ikiwaka muanze saa na museme «sifuri», halafu muhesabu mpaka 10. Tuseme imechukua sekunde 6. Muzidishe 3600 kwa 10, mugawanye kwa 6, halafu mugawanye kwa ile 1000 ya mita. Inatoka kilowati 6. Mulini hiyo ikisaga saa 4 vilevile, imekula kilowati-saa 24. Mufanye hivyo na mashini ya kahawa, muandike saa za kila moja, na faktire inagawanyika bila kelele.

Waya mbili za mapigo

Hakuna mutu wa kuhesabu taa siku nzima. Njo maana mita nyingi ziko na sehemu mbili za kufunga waya, + na −, mara nyingi pameandikwa S0. Pale hapatoki umeme. Ni kama swichi ndogo inayojifunga kidogo kwa kila pigo, na kihesabu kinaongeza moja. Kihesabu njo kinaleta umeme wake mdogo, usiopita volti 27. Mukifunga pale umeme wa volti 220, mutaiunguza. Kooperative ikiweka mita ndogo kwa kila mashini, mweka hazina anaweza kufuata zote mbili akiwa ndani ya biro.

Mambo ya kuchunga

– Namba ya taa na namba ya S0 zinaweza kuachana. Musome zote mbili.
– Mashini kubwa zinapitisha umeme kwanza kwenye transfoma ya kupimia. Ikiwa ni ya 100/5, mara nyingi hesabu inazidishwa kwa 20. Fundi athibitishe kama mita imekwisha kuzidisha yenyewe.
– Kihesabu kikizimika mashini ikifanya kazi, mapigo yanapotea. Kila juma mulinganishe na namba za mita yenyewe.
– Mita ya shirika la umeme iko na sili. Musiifungue. Mita zenu ndogo zifungwe na fundi wa umeme.

Mwisho wa mwezi, hesabu ya kila mashini ibandikwe mlangoni pa gala, kila mwanachama aisome kabla ya kutoa franga zake.