Mbegu Katika Kilindo: Kuchagua na Kuhifadhi Mbegu za Mikunde Unyamwezini

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea Uvinza na Ujiji. Historia imezoea kutaja pembe, vitambaa na, kwa uchungu, watumwa. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa pia mkulima: alisafiri wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi nyumbani mvua zilipokaribia. Miembe iliyosalia kandokando ya njia hiyo ni ushahidi kwamba mimea nayo ilisafiri.

Mikunde ya Unyamwezi imetoka pande nyingi za dunia. Kunde ni zao la Afrika. Njugu mawe asili yake ni Afrika ya Magharibi. Maharagwe na karanga zilitoka Amerika, na soya, iliyoletwa Amani mwaka 1907 wakati wa utawala wa Wajerumani, asili yake ni Asia ya Mashariki. Basi neno “mbegu ya asili” halina maana ya mbegu ambayo haikutoka popote. Maana yake ni mbegu iliyopandwa na kuchaguliwa mahali pamoja kwa vizazi vingi, hata ikazoea udongo, mvua na jiko la mahali hapo.

Thamani ya mazoea hayo ilidhihirika Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa na misitu ikafyekwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Fedha na mashine hazikuweza kushika nafasi ya majaribio. Mbegu iliyomo ndani ya kilindo cha magome ya mti, kwa upande wake, imekwisha kujaribiwa mwaka baada ya mwaka katika udongo uleule. Ikiliwa yote wakati wa njaa, au ikiachwa kwa sababu ya tumbaku, majaribio hayo yote hupotea pamoja nayo.

Ua linalojichavusha lenyewe

Mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo mashamba ya jirani huchanganyika kwa urahisi. Ua la maharagwe, soya au njugu mawe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka sawasawa. Nyuki huweza kuleta chavua ya mmea mwingine, lakini mara chache. Kwa sababu hiyo mbegu ya maharagwe huzaa mmea unaofanana na mzazi wake.

Ikiwa maharagwe mekundu na meupe yatachanganyika kwa bahati, hesabu yake ni hii. Katika kizazi cha kwanza sifa zote ambazo wazazi walitofautiana huwa za mchanganyiko. Kwa kuwa mimea hujichavusha, mchanganyiko huo hupungua kwa nusu kila kizazi: nusu katika kizazi cha 2, robo katika cha 3, na 1/64 tu katika cha 7. Hivyo mkulima anayechagua kwa uangalifu kila mwaka huweza kupata aina mpya iliyotulia, na ndivyo aina nyingi za vijijini zilivyopatikana.

Kuchagua shambani

Kosa la kawaida ni kula mavuno mazuri na kupanda masalio. Mbegu huchaguliwa shambani, mimea ingali hai, wala si ghalani. Mimea yenye afya na iliyozaa vizuri hufungwa uzi au kuwekewa kijiti. Jambo hili ni la lazima zaidi kwa njugu mawe, kwa kuwa kikonyo cha ua lake huingia udongoni na tumba hukomaa chini, na majani yakikauka haijulikani tena mmea upi ulikuwa mgonjwa. Mimea yenye batobato au chule iachwe kabisa, maana magonjwa hayo hupita ndani ya mbegu mpaka msimu ujao. Tena mbegu zichukuliwe kutoka mimea mingi, ili sifa adimu zisipotee.

Familia nyingi hupanda maharagwe ya rangi mbalimbali katika shamba moja. Desturi hiyo ina busara, kwa sababu mvua ikikatika mapema, aina moja hufa na nyingine huzaa. Anayetaka kutunza mchanganyiko huo ahifadhi kila rangi peke yake na kuzichanganya siku ya kupanda. Vinginevyo aina izaayo kwa wingi huzimeza nyingine.

Kukausha na kuhifadhi

Maadui wa mbegu ni unyevu, joto na fukusi. Kanuni ya mtaalamu Harrington yasema kwamba unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka mara mbili. Na joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka mara mbili tena. Kanuni hii hufaa unyevu ukiwa kati ya asilimia 5 na 14. Mbegu iliyoshushwa kutoka asilimia 14 hadi 12 huishi mara 4.

Ukavu waweza kupimwa kwa chumvi, bidhaa iliyosafirishwa kutoka Uvinza tangu kale. Chumvi iliyokaushwa vizuri hutiwa pamoja na mbegu katika chupa kavu ya kioo, hutikiswa, kisha huachwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mbegu zirudishwe kuanikwa.

Fukusi wa maharagwe huweza kutaga mayai shambani, juu ya maganda yaliyokomaa. Kwa hiyo uvunaji usicheleweshwe. Mbegu kavu zijaze chombo chenye mfuniko unaobana, hewa isipate nafasi, au zichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa. Mafuta ya kupikia, mililita 5 kwa kilo 1, nayo huzuia fukusi kuzaana. Soya ihifadhiwe kwa uangalifu zaidi: ngozi yake ni nyembamba, hupasuka ikipigwa kwa nguvu, na uhai wake hupungua upesi penye joto na unyevu.

Kujaribu uotaji

Kabla ya mvua, mbegu 100 zifungwe katika kitambaa chenye maji kidogo kwa siku 7 au 8. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 72, anayetaka mimea 100 apande mbegu 139, yaani 100 kugawanya kwa 0.72.

Benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha huhifadhi sampuli za mimea ya nchi. Hata hivyo mbegu iliyolala ghalani haiendelei kujifunza mvua. Hapana budi ipandwe, na sehemu ya mavuno apewe jirani. Maana kilindo cha nyumba moja kikiungua au kikiliwa, cha pili kitairudisha.

Maswali

1. Kwa nini mbegu ya maharagwe hufanana na mzazi wake kuliko mbegu ya mahindi?
2. Mbegu zimekaushwa kutoka unyevu wa asilimia 13 hadi 10. Maisha yake yameongezeka mara ngapi?
3. Katika mbegu 100 zimeota 60. Zipandwe ngapi ili kupata mimea 300?