Sifuri ya Mto Tarach: Misimbo ya Makosa na Maonyo ya Uongo katika Lugha ya C

Kompaila, yaani programu inayoigeuza matini ya C kuwa lugha ya mashine, hutoa malalamiko ya aina mbili: kosa, ambalo huikomesha kazi, na onyo, ambalo humwachia mwandishi uamuzi. Onyo la uongo ni lile linalotolewa ilhali matini haina dosari. Utata uko katika namna ya kulinyamazisha.

Ichukuliwe programu inayosoma vina vya mito miwili ya Turkana: Turkwel pale Lodwar na Tarach pale Kakuma. Kitendakazi soma_kina() hufungua faili ya vipimo. Kikifaulu, hukijaza kigeu kina na kurejesha 0. Kikishindwa, hurejesha -errno, yaani hasi ya namba ya kosa iliyowekwa na mfumo. (Kiswahili hutenganisha kukosa na kukosea, namba hii aghalabu huhusu kukosa: faili haipo, au ruhusa haipo.) Aliyekiita huandika if (r < 0) return r, ndipo akatumia kina.

Kwa binadamu mantiki imekamilika, kwani open() ikishindwa, errno huwa kubwa kuliko 0. Kompaila haiijui kanuni hiyo. Kwayo, errno yaweza kuwa 0. Hasi ya 0 ni 0. Sharti la r < 0 halitimii, na kina kinatumika kabla ya kupewa thamani. GCC, inapovichanganua vitendakazi vyote viwili kwa pamoja, huweza kulalamika.

Wengi huandika int kina = 0; na onyo likatoweka. Tiba hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Tarach ni mto wa msimu, hivyo 0 ni kipimo halali, tena cha kawaida. Siku ukaguzi wa r utakaposahauliwa, faili isiyosomeka itatangaza mto mkavu hata maji yakiwa yamefurika Kakuma, na kompaila haitakuwa na la kusema.

Waandishi wa systemd, programu inayosimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux, walitunga kitendakazi kifupi, negative_errno(). Huhakikisha kwamba errno > 0. Isipokuwa hivyo, hurejesha -EINVAL. Jibu huwa hasi daima, na kompaila hulitambua hilo yenyewe. Kigeu kina huachwa bila thamani ya mwanzo, kwa makusudi, ili onyo la kweli libaki na nafasi ya kutokea.