USIYAVURUGE MAJI YA ANAYEFUATA

Andiko kuu: Ezekieli 34:17–19
Soma pia: 2 Wafalme 2:19–22

Katika Ezekieli 34 Mungu anawahukumu kondoo kwa jambo ambalo wengi wetu tungelipita tu. Kondoo wenye nguvu walikunywa maji safi wakatosheka, halafu wakayavuruga kwa miguu. Waliokuja nyuma wakabaki na tope. Kunywa hakukuwa kosa. Kosa ni kumsahau anayefuata.

1. Maji ya chini yameungana

Kule rasi ya Yucatán, Meksiko, ardhi ni ya mawe ya chokaa. Mvua huzama chini, kwa hiyo sehemu kubwa haina mito. Pale mwamba unapoporomoka, hutokea ziwa la shimo, linaloitwa senote. Ukiliangalia utadhani ni kidimbwi kilichojitenga. La hasha! Januari 2018 wapiga mbizi waligundua kwamba mapango mawili yaliyojaa maji, Sac Actun na Dos Ojos, yameungana: jumla kilomita 347. Na wenyeji hunywa maji hayo hayo ya chini. Unachomwaga kwenye shimo lako kinaweza kufika kisimani kwa mtu asiyekujua kabisa.

2. Mungu anakagua hesabu zetu

Homún ni mji mdogo huko Yucatán wenye senote nyingi. Palijengwa mradi wa kufuga nguruwe 49,000. Wenyeji wakahofia maji yao: kinyesi hicho chote kitaenda wapi? Kesi ikapelekwa kwa niaba ya watoto wa Kimaya, na mwaka 2018 mahakama ikausimamisha mradi. Ndugu, biashara si dhambi. Lakini ukipunguza gharama zako, kisha jirani azilipe hospitalini, hiyo si faida. Ni deni, na Mungu analijua.

3. Ponya chanzo

Elisha hakuhangaika na mitungi ya watu wa Yeriko. Alienda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Sisi tunachemsha maji, na ni vizuri tuendelee. Lakini chanzo je? Sehemu kubwa ya Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, uchafu hupenya.

Tufanye nini wiki hii?

• Una ploti ya kupangisha? Kabla ya kuchimba choo au kisima, muulize afisa wa afya ya umma umbali unaofaa.
• Septiki ikijaa, uliza gari la kunyonya linaenda kumwaga wapi. Bei ya chini sana huwa na sababu.
• Kisima kilichoachwa si jaa. Usitupe humo takataka wala oili chafu.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni gharama gani ya nyumba au biashara yangu ambayo jirani ndiye anailipa?

Maombi: Bwana, tupe macho ya kumwona anayekunywa baada yetu, na moyo wa kutengeneza tulipoharibu. Katika jina la Yesu, amina.