Jasho la Bati: Somo kutoka Karagwe na Kyerwa



Mwezi wa Julai mwaka uliopita nilikwenda Karagwe, mkoa wa Kagera, kumzuru shemeji yangu, mkulima wa kahawa. Alinilaza katika nyumba yake mpya ya mabati, yenye dari ya mbao, na juu ya dari amejaza maranda ili kuzuia baridi. Usiku wa manane tone la maji likaniangukia usoni. Nikadhani mvua. Nikatoka nje: mbingu safi, nyota tele. Asubuhi tukapanda darini tukakuta maranda yamelowa, na mbao za kenchi zimeanza kuota ukungu. Fedha za kahawa za msimu mzima zilikuwa zinaoza pale juu. Shemeji alitaka kumshitaki fundi kwa kumletea mabati mabovu. Tukayatazama mabati yote: hapana hata tundu moja.

Basi maji yale yalitoka wapi? Jibu lake lamfaa kila mwenye ghala la karafuu.

Maji yatoka ndani

Kupumua kwetu, kupika, kuoga, nguo mbichi, yote hutia mvuke katika hewa ya nyumba. Hewa ya moto huchukua maji mengi kuliko ya baridi. Hewa ya nyuzi 20 ikishiba ina gramu 17 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kuchukua ila gramu 9 hivi. Zile 8 zilizozidi hazina budi kugeuka matone.

Vilima vingi vya Karagwe, na vya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, vimepita mita 1,500 juu ya bahari. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, bati hupoa hata likawa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa yenye joto hupanda, hupenya nyufa za dari, hugusa bati, na bati hutoa jasho.

Mtu atauliza: Je, maranda hayakuzuia? Maranda huzuia joto, hayazuii hewa inayopita. Tena, kwa kuwa joto la chumba halilifikii bati tena, bati lazidi kuwa baridi, na kila ufa ulioachwa wadhuru zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana kujaza maranda bila ya kuziba nyufa ni kazi nusu.

Wazee wa huko walikuwa na nyumba ya msonge, iliyoezekwa nyasi nene toka kileleni hata karibu na ardhi. Upande wa ndani wa nyasi haukupoa kama bati, na moshi wa mekoni ulizikausha. Bati lilipokuja lilizuia mvua vizuri, lakini lilitaka elimu yake.

Namna ya kuziba

1. Toa maranda yote uyaanike. Usifunike kitu kibichi.

2. Tandika karatasi nzito ya nailoni chini ya maranda, yaani upande wa chumba chenye joto. Ukiiweka juu ya maranda, maji yatanasa ndani yake.

3. Vipande viwili vikutane juu ya boriti, kimoja kikipanda juu ya mwenzake kwa sentimita 15, kisha ugandamize kwa ubao mwembamba na misumari.

4. Mwisho wa karatasi uteremke ukutani, ubanwe kwa ubao, kisha upigwe lipu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea.

5. Ziba kila tundu la waya wa umeme. Mlango wa kupandia darini utiwe ukanda wa mpira pembeni.

6. Juu ya maranda acha nafasi, na chini ya mapaa acha matundu yenye wavu, hewa ya nje ipite na kuondoa unyevu.

Kupima kazi

Wakati wa usiku mtu akae darini gizani, mwenziwe awashe taa chumbani. Panapopita mwanga, hewa yapita. Kisha, siku ya upepo, funga madirisha na upitishe udi wenye moshi chini ya viungo vya dari, mbali kidogo na mbao. Moshi ukivutwa juu, hapo pana ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari

Tunaziba dari, hatuzibi nyumba. Madirisha yafunguliwe kila siku, na jiko la mkaa lisiwekwe kabisa katika chumba cha kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Tena, taa yenye moto mkali isifunikwe kwa maranda, kwani hushika moto.

Na sisi je?

Visiwani kwetu msiige neno kwa neno. Hewa yetu ya nje ina joto na unyevu, na ghala halitiwi moto. Kwetu paa lataka kupitisha hewa kuliko kuvikwa nailoni. Na chumba chenye mashine ya kutia baridi ni kinyume cha Karagwe: unyevu hutoka nje kuja ndani, basi kizuizi kikae upande wa nje.

Lakini asili ya jasho ni ile ile. Karafuu zisizokauka sawasawa hutoa maji yake ndani ya ghala, bati likipoa usiku huyarudisha juu ya magunia. Hivyo karafuu huota ukungu, na kituoni hushushwa daraja. Kabla ya kutia ghalani, vunja karafuu chache kwa vidole: zikikatika kwa mlio, zimekauka, zikipinda, zirudishe juani. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, wala yasigusane na bati.

Shemeji alifanya kama tulivyoeleza. Julai ya mwaka huu ameniletea habari kwamba maranda ni makavu na kenchi hazikuongeza ukungu. Fundi hakushitakiwa, ndiye aliyepiga misumari.

Wenu katika kazi,
Katibu