Konokono Mwenye Mlango: Somo la Tangi la Kioo

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzazi mmoja aliinuka akauliza swali zuri. "Mwalimu," alisema, "sisi nyumbani twawakataza watoto wasichezee konokono kwa sababu ya kichocho. Mbona ninyi shuleni mwawafuga ndani ya kioo?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile, lakini jambo lenyewe lahitaji maelezo marefu zaidi. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi, ili wazazi, walimu na wanafunzi wasome pamoja jinsi ya kumtambua konokono afaaye na asiyefaa, na jinsi ya kutayarisha tangi la konokono, uduvi na majani ya majini.

1. Konokono wa ziwa letu

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na duniani kote hakuna ziwa lililolizidi kwa kina ila Baikal, lililoko Urusi. Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka, na katika muda huo wametokea humu viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine po pote.

Bwana Speke, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake Burton mwezi wa Februari 1858, alichukua makombe ya konokono akaenda nayo kwao. Wataalamu waliyatazama wakastaajabu, maana mengine yalifanana na makombe ya baharini. Bwana Moore, aliyekuja ziwani mwaka 1896, alidhani kwamba hapo kale ziwa hili liliungana na bahari, akaandika kitabu juu ya jambo hilo kilichotolewa mwaka 1903. Siku hizi twajua kwamba sivyo. Konokono hawa ni wa maji baridi, na makombe yao mazito waliyapata humu humu ziwani. Sababu mojawapo ni kaa: wako kaa wavunjao makombe kwa magando yao, na mwenye kombe jembamba haponi.

Wawili kati yao wafaa kwa tangi letu. Wa kwanza ni yule mkubwa, wa mviringo, ambaye wataalamu humwita Neothauma. Hujizika katika mchanga na tope, na hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Makombe yake matupu hulala kwa wingi chini ya maji, na wako samaki wadogo wayatumiao kuwa nyumba na mahali pa kulea watoto wao. Wa pili ni mdogo zaidi, mwenye kombe lenye matuta matuta, aitwaye Lavigeria. Aghalabu hukaa juu ya mawe, akikwangua utando wa kijani.

2. Mlango

Mguse konokono wa aina hizi mbili kwa kijiti. Atajivuta ndani, kisha utaona kitu kama kigae chembamba kikifunga tundu la kombe. Huo ndio mlango wake. Konokono wa kichocho hana mlango. Ajivutapo ndani, tundu hubaki wazi na nyama yake huonekana.

Konokono wa kichocho katika Afrika ni wa namna mbili. Mmoja ni bapa, amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Huyu huchukua kichocho cha tumbo, na ndicho kijulikanacho katika pwani yetu hii. Mwingine ana ncha, lakini kombe lake limepinda kushoto: ukilishika ncha ikiwa juu na tundu likikuelekea, tundu huwa upande wako wa kushoto. Huyu huchukua kichocho cha mkojo. Wote wawili hupenda maji yaliyotulia penye majani: midomo ya mito, vidimbwi, na vijito vilivyo karibu na nyumba za watu.

Ewe mwanafunzi, zishike dalili hizi tatu: hana mlango, ni bapa, au amepinda kushoto. Mwenye hata dalili moja haingii katika tangi letu.

3. Jinsi kichocho kienezwavyo

Daktari Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho kwanza huko Cairo mwaka 1851. Lakini jinsi waingiavyo mwilini haikujulikana mpaka mwaka 1915, Robert Leiper alipothibitisha huko Misri kwamba konokono ndiye apitishaye.

Mambo huenda hivi. Mgonjwa akienda haja majini au kando ya maji, mayai ya minyoo huanguliwa. Kijidudu kitokacho humtafuta konokono wake na kumwingia. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali mchana. Hivi hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye nguo au avuaye samaki. Mtu huona maumivu ya tumbo na damu katika choo, na akiachwa miaka mingi ini lake huharibika.

Basi tazama: konokono hakuzaliwa na ugonjwa. Ameupata kwetu. Mwenye kutumia choo humkinga konokono, na konokono naye hatamwambukiza mtu. Na aliyekwisha ugua asikae kimya nyumbani. Dawa ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli; wanafunzi wavimeze vinapoletwa shuleni.

4. Kutayarisha tangi

Tangi letu lina urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Tukilijaza hadi sentimeta 25 linachukua lita 45, kabla ya kutia mchanga na mawe.

Kwanza, tandaza mchanga uliooshwa vizuri, unene wa sentimeta 5, ukaweke mawe machache ya ziwani. Weka tangi mahali penye mwanga, lakini jua la alasiri lisilipige.

Pili, maji. Maji ya ziwa ndiyo bora, kwa kuwa yana madini yajengayo kombe. Maji ya mvua yaliyokingwa batini hayana chokaa, na kombe la konokono huliwa pole pole. Chuja maji ya ziwa kwa kitambaa ili konokono wadogo wasipite, kisha yaache siku mbili kamili katika ndoo yenye kifuniko, wala usitie mkono. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu hufa katika muda huo. Maji ya bomba nayo yaache yakae, ili klorini itoke.

Tatu, majani. Twatumia yale marefu kama utepe yaotayo mchangani, na yale yasiyo na mizizi yenye umbo la mkia wa mbweha. Yasitiwe moja kwa moja. Yaweke katika ndoo ya peke yake kwa wiki nne, uyachungue kila siku chache. Ukiona vitone vya ute juu ya jani, hayo ni mayai ya konokono wasio na mlango. Kata jani hilo ukalitupe juani likauke. Usiseme, "Ni mmoja tu." Konokono hawa kila mmoja ni dume na jike pamoja, na mmoja peke yake aweza kulijaza tangi.

5. Kutia viumbe

Majani yakiisha kushika, ngoja tena wiki nne kabla ya kutia mnyama. Sababu ni hii: kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria waigeuzao kuwa nitriti, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo majani huila. Bakteria hao huhitaji muda ili waongezeke. Katika ziwa letu jambo hili lataka uangalifu zaidi, kwa maana maji yake yana nguvu ya magadi. Katika maji ya kawaida yasiyo chachu wala magadi, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki sehemu moja katika mia. Katika maji kama yetu yakaribia theluthi moja. Kwa hiyo chakula kiwe kidogo sana.

Tia konokono watano kwanza. Baada ya wiki mbili tia uduvi ishirini. Uduvi wa ziwa ni wadogo, wengi hawafiki urefu wa kidole gumba. Huokota utando na vyakula vidogo vidogo kwa magando yenye manyoya. Huko ziwani ni chakula cha samaki, naye mgebuka tumlaye huwala pamoja na dagaa. Kwa hiyo usichanganye uduvi na samaki katika tangi. Ukiona gamba tupu la uduvi usiombolee: amejivua ili akue.

Uduvi hufa upesi kwa vitu viwili. Cha kwanza ni shaba, hata waya mdogo. Cha pili ni dawa ya wadudu. Kwa hiyo usiwavue kwa chandarua chenye dawa. Tumia chujio kubwa la jikoni.

Twakusanya asubuhi mapema, kutoka juu ya miamba au ndani ya mtumbwi, tukivaa glovu ndefu na kutumia kibano. Hakuna mwanafunzi aingiaye majini. Wala hatukusanyi kitu cho chote katika Hifadhi ya Gombe au ya Mahale.

Kila wiki badili sehemu moja ya tano ya maji. Maji machafu yamwage juu ya udongo mkavu, kamwe si katika kijito. Mwaka 2020 konokono mharibifu kutoka Amerika ya Kusini alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Huyo anao mlango, lakini si wa nchi yetu. Kiumbe aliyehamishwa ovyo aweza kuwa adui mahali pageni.

Maswali ya kujaribu

(a) Eleza dalili tatu za kumkataa konokono.
(b) Kwa nini maji ya ziwa huachwa siku mbili baada ya kuchujwa?
(c) Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi safi hana kichocho. Toa sababu.
(d) Tembea na mkubwa wako kando ya maji ya mtaa wenu, bila kuingia. Chora ramani ya mahali watu wateka, wafua na waendapo haja, kisha mwonyeshe mzazi wako.