Somo la Afya: Mtu Akigonga Kichwa, Aende Wapi na Lini?



Somo letu la mwezi huu si la mbolea wala la kupe. Ni somo la kichwa cha binadamu. Mtu akianguka na kugonga kichwa, kisha akainuka na kusema, "Mimi mzima," je, tumwache au tumpeleke hospitali?

Wengi wetu katika mashamba ya skimu, tangu Kinangop mpaka Lugari, tuna watoto waliokwenda Nairobi kutafuta kazi. Wako wanaoishi Kawangware, na wako wanaoishi Kibera, karibu na magorofa ya Nyayo Highrise. Hubeba mawe na saruji kwenye mijengo, huendesha bodaboda, au husukuma mikokoteni. Katika kazi hizo zote mtu huweza kuanguka. Na simu ikilia jioni, mara nyingi ni mzazi aliye shambani anayeulizwa, "Tufanye nini?" Basi yafaa tuwe na jibu.

MTIKISO WA UBONGO NI NINI

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu huku umezungukwa na maji. Tazama mkebe wa maziwa uliopakiwa kwenye gari. Dereva akikanyaga breki ghafula, mkebe husimama, lakini maziwa yaliyomo ndani huendelea na kupiga ukuta wa mkebe. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo kichwa kinapogonga chini. Hilo ndilo liitwalo mtikiso wa ubongo.

Hapa yako mambo mawili ambayo watu hukosea. La kwanza, wengi hudhani kuwa pasipo damu hapana hatari. Sivyo. Ngozi yaweza kuwa nzima na ubongo umeumia. La pili, wengi hudhani kuwa mtu asipozimia hakuumia. Hilo nalo si kweli. Watu wengi waliopata mtikiso hawakuzimia hata kidogo. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, huwa na kichefuchefu, husahau yaliyotokea, au huuliza swali lile lile mara tatu.

Mtikiso peke yake, ukipata mapumziko, hupona kwa watu wengi bila dawa kubwa. Kinachotisha ni mwenzake, yaani damu inayovuja ndani ya fuvu. Mguu ukivimba, ngozi hunyumbuka. Fuvu halinyumbuki. Damu ikizidi humo ndani hukosa pa kwenda, nayo huukandamiza ubongo. Na mara nyingine mtu huyo huwa na saa chache za kuonekana mzima kabisa, akazungumza na hata kula, kabla hali haijabadilika. Saa hizo ndizo zinazowadanganya watu, kwa hiyo tuziangalie vizuri.

MFANO WA KIJANA MWASHI

Tuseme kijana mmoja mwashi, mkazi wa Kibera, ateleza kwenye jukwaa la mjengo siku ya Jumamosi saa tisa alasiri. Agonga kichwa. Akaa chini kidogo, kisha asimama na kusema hana neno. Je, watu wa namna yake hufanya nini?

Kwanza, huendelea na kazi. Kibarua hulipwa kwa siku, na akiondoka mapema aogopa kukatwa ujira wake. Pili, jioni hupita duka la dawa na kununua vidonge vya maumivu, kwa sababu duka li karibu, halina foleni, na bei yake yajulikana. Tatu, hulala ili "aone asubuhi". Nne, hali ikizidi, hupelekwa kliniki ndogo ya mtaani. Mwisho kabisa, usiku wa manane, hutafutwa gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Usiwacheke watu hawa. Wanayo sababu: pesa ni chache, njia ni za kuogofya usiku, na foleni za hospitali ni ndefu. Lakini tazama hesabu ya saa. Kijana aliumia saa tisa alasiri, naye amfikia daktari saa nane usiku. Saa kumi na moja zimepita. Kama damu ilikuwa ikivuja, yote hayo yalikuwa yakitendeka huku akionekana amelala usingizi mzuri.

Na ajabu yenyewe ni kwamba hospitali haikuwa mbali. Hospitali ya Mbagathi, iliyo mali ya Kaunti ya Nairobi, i jirani na Nyayo Highrise. Mbele kidogo iko Hospitali Kuu ya Kenyatta, ile iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu, na ambayo leo hupokea wagonjwa wa kichwa kutoka nchi nzima. Ndani ya Kibera kiko Kituo cha Afya cha Kibera South, na watu wa Kawangware wana Kituo cha Afya cha Riruta. Basi mara nyingi kinachopotea si njia. Kinachopotea ni wakati, kwa kuwa hapana aliyejua dalili.

DALILI ZA KUMPELEKA HOSPITALI MARA MOJA

Zikate dalili hizi kwenye gazeti uzibandike ukutani. Moja tu yatosha:

1. Alizimia, hata kwa muda mfupi.
2. Atapika zaidi ya mara moja.
3. Kichwa chauma na maumivu yazidi badala ya kupungua.
4. Asinzia kupita kiasi, au ni vigumu kumwamsha.
5. Amechanganyikiwa, hatambui watu au mahali, au maneno yake yakokota.
6. Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jicho la pili.
7. Mkono au mguu umelegea, au hawezi kutembea sawasawa.
8. Ashikwa na kifafa.
9. Damu au maji meupe yatoka puani au masikioni, au pana weusi kuzunguka macho au nyuma ya sikio.

Mtoto mchanga hawezi kusema. Kwake tazama kama analia bila kunyamazishika, akataa kunyonya, au utosi wake umevimba.

Wako pia watu ambao yafaa wapelekwe hata kama hawana dalili: wazee, watoto wadogo sana, watu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mtu yeyote aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari au pikipiki. Kwa wazee na wanywaji wa pombe, damu yaweza kuvuja pole pole, na dalili zikatokea baada ya wiki kadhaa. Basi mzee aliyeanguka mwezi uliopita akaanza kusahau na kupepesuka, usiseme ni uzee tu.

Na kuna neno jingine kubwa. Mtu aliyeumia ubongo hupepesuka, hutapika, na huongea ovyo, kama mlevi. Wengi wameachwa kando ya njia kwa kudhaniwa wamelewa. Hata mtu anayenuka pombe aweza kuwa na damu kichwani. Mlevi hupata nafuu kadiri saa zinavyopita, bali huyu huzidi kuharibika.

WEWE ULIYE SHAMBANI UKIPIGIWA SIMU

Usimwulize mwanao, "Je, u mzima?" Atajibu, "Niko sawa, baba," kwa sababu hataki kukutia wasiwasi. Badala yake fanya hivi:

Mwambie akusimulie yote, tangu kabla ya kuanguka hadi sasa. Sikiliza kama kuna kipande asichokikumbuka. Mwulize leo ni siku gani na yuko wapi. Mwulize ametapika mara ngapi, na kama kichwa chauma zaidi sasa kuliko saa moja iliyopita. Kisha mwambie ampe simu jirani au rafiki. Huyo ndiye shahidi wako. Mwulize kama mwanao atembea sawa, kama mboni za macho zalingana, na kama arudia rudia maneno. Ukiona dalili moja katika zile tisa, sema kwa sauti ya mzazi: "Nenda hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi." Amri ya mzazi yaweza kumwinua mtu ambaye maneno ya marafiki hayakumwinua.

NAMNA YA KUMSAIDIA NA KUMPELEKA

Usimmwagie maji wala kumtikisa. Ikiwa shingo yauma au hana fahamu, huenda mfupa wa shingo umeumia, basi asisogezwe ovyo, na asibanwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Akiwa hana fahamu lakini apumua, alazwe kwa ubavu, kichwa na shingo vikishikwa pamoja na mwili bila kupindwa. Asipewe chakula, wala kinywaji, wala pombe. Akihitaji gari la wagonjwa, namba za dharura ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Andika kwenye karatasi: saa aliyoumia, alivyoumia, kama alizimia, ametapika mara ngapi, na dawa alizomeza. Karatasi hiyo yamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Hospitalini watapima jinsi afunguavyo macho, asemavyo, na asogezavyo viungo, na kumpa alama kati ya 3 na 15. Kipimo hicho kilitungwa Glasgow mwaka 1974, na hutumika duniani kote. Si kila mtu ahitaji kupigwa picha. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi ubongo. Inayoonyesha damu ndani ya fuvu ni ile iitwayo siti skani. Basi daktari akisema haihitajiki, mwulize sababu, wala usidhani umenyimwa haki.

HABARI YA PESA

Wako watu wanaokaa nyumbani kwa kuhofia kufukuzwa mlangoni. Jua ya kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hilo ni haki yako, wala si hisani. Lakini matibabu yanayofuata yana gharama, kwa hiyo yafaa kujiandaa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Mtu hujiandikisha kwa simu kwa kubonyeza *147#. Asiye na mshahara huhesabiwa mchango kufuatana na mapato ya nyumba yake, nao si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwulize mwanao leo kama amejiandikisha, maana ni afadhali kulipa mchango kuliko kuuza ng'ombe wa maziwa kwa haraka na kwa bei ya hasara.

Tena, aliyeumia kazini atunze karatasi zote za hospitali na kumwarifu mwajiri mapema. Sheria ya Fidia ya Walioumia Kazini ya mwaka 2007 ipo kwa ajili yake.

AKIRUDI NYUMBANI

Akiruhusiwa kurudi, asilale peke yake chumbani usiku ule. Kulala si sumu, kama wengine wasemavyo. Lakini lazima awepo mtu wa kumtazama na kumwamsha kama daktari alivyoagiza. Dalili ikitokea, arudishwe hata kama ametoka huko saa mbili zilizopita.

Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie kazi nyepesi kidogo kidogo. Kwa maumivu ameze parasetamoli, asimeze aspirini mpaka daktari aruhusu. Asipande jukwaa, asiendeshe pikipiki, wala asicheze mpira mpaka dalili zote ziishe na mganga amkubalie, kwa sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari sana. Watu wazima wengi hupona kwa wiki mbili hivi, na watoto kwa wiki nne. Katika siku hizo aweza kuwa msahaulifu, mwenye hasira, asiyependa mwanga wala kelele. Huo si uvivu, wala hakulogwa. Ubongo unapona.

Na kinga ni bora. Anayepanda bodaboda avae helmeti na kuifunga kidevuni. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Hayo yatuhusu sisi wa shambani pia, tunaopanda miti kukata matawi, tunaokaa juu ya trekta, na tunaokamua ng'ombe wenye mateke. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu asiye na jeraha aweza kuwa katika hatari?
2. Taja dalili tano za kumpeleka mtu hospitali mara moja.
3. Utamwuliza nini jirani wa mwanao kwa simu?
4. Mlevi na mtu aliyeumia ubongo hutofautianaje kadiri saa zinavyopita?
5. Ni hospitali au kituo gani kilicho karibu na nyumba yako, na ni gari la nani laweza kukufikisha huko usiku?

Swali la tano halina jibu katika gazeti hili. Lijibuni leo jioni pamoja na watu wa nyumbani, na jibu hilo kila mmoja alijue.