Momenti ya Kani: Roshani Isiyo na Nguzo

Malengo. Ukimaliza sehemu hii uweze kukokotoa momenti kwenye roshani, kueleza kwa nini nondo zake hulazwa juu, na kutaja hatua za kuifunga roshani salama kwenye nyumba.

Maelezo

Pita Sakina, Njiro au Ilboru, chini ya Mlima Meru, utaona nyumba za ghorofa zenye roshani zilizochomoza ukutani bila nguzo. Roshani ya aina hiyo ni wenzo. Egemeo lake ni ukuta, na uzito wote uko upande mmoja. Isianguke, lazima kitu kilichomo ndani ya nyumba kiivute nyuma kwa momenti iliyo sawa.

Kumbuka: Momenti = kani × umbali kutoka kwenye egemeo.

Mfano

Roshani imetoka ukutani mita 1.2, na unene wa zege ni mita 0.15. Chukua kipande chenye upana wa mita 1. Densiti ya zege ni kg 2400 kwa mita ya ujazo, na g = 10 N/kg.

Tungamo = 1 × 1.2 × 0.15 × 2400 = kg 432
Uzito = N 4320, nao hutenda katikati, mita 0.6 kutoka ukutani.
Momenti ya zege = 4320 × 0.6 = Nm 2592

Sasa msafara wa harusi unapita na matarumbeta. Wageni watatu, kila mmoja kg 70, wanakimbilia ukingoni.

Momenti ya wageni = 2100 × 1.2 = Nm 2520
Jumla = Nm 5112

Umeona? Uzito wa wageni haufiki nusu ya uzito wa zege, lakini momenti zao zinakaribiana, kwa sababu wageni wamesimama mbali na egemeo. Ndiyo maana roshani iliyokaa miaka mingi bila tatizo inaweza kuvunjika siku ya sherehe.

Kwa nini nondo ziwe juu?

Roshani ikilemewa, upande wa juu huvutwa na wa chini hugandamizwa. Zege huhimili sana mgandamizo lakini ni dhaifu likivutwa, hivyo nondo lazima ziwe karibu na uso wa juu. Fundi akizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikashuka, umbali kati yake na sehemu inayogandamizwa hupungua. Umbali huo ukipungua kwa nusu, mvuto ndani ya nondo huongezeka mara mbili. Zikifika chini kabisa, hazina msaada wowote.

Zingatia

1. Nondo za roshani ziingie ndani ya zege la sakafu ya nyumba, si kuishia ukutani. Wahandisi wengi huziingiza mara moja na nusu ya urefu wa roshani.
2. Miti ya kuegemeza isiondolewe mapema. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28. Wakati wa kuondoa, anza ukingoni kuelekea ukutani.
3. Uso wa roshani uinamie nje. Maji ya masika yakituama hupenya kwenye nyufa na kutia nondo kutu.
4. Baraza la mbao lifungwe kwa bolti zinazopenya boriti, si kwa misumari pekee, kwani msumari huchomoka ukivutwa.
5. Mchoro uandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa, na kibali kitolewe na halmashauri.

Nguzo ni egemeo la pili, nayo hupunguza momenti ukutani. Roshani pana za Beit al-Ajaib, Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, zilibebwa na nguzo za chuma. Hata hivyo, sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Nguzo haziondoi haja ya matunzo.

Swali la marudio

Mwenye nyumba anataka kurefusha roshani ya mfano wetu ifike mita 1.5, unene na wageni wakiwa walewale. (a) Kokotoa momenti mpya. (b) Je, nondo za awali zinatosha bila kukokotolewa upya? Eleza.

*Majibu:* (a) 4050 + 3150 = Nm 7200. (b) Hapana. Urefu umeongezeka kwa asilimia 25, lakini momenti imeongezeka kwa takribani asilimia 41, kwa sababu uzito wa zege na umbali wake vimeongezeka pamoja.